Rovu Lako Halikuwa la Chumvi, Mayu

Mayu,

Mama yangu, ni mimi, Doto. Jana nilirudi nyumbani Samuye kutoka hospitali. Shingo ina bandeji na sauti bado inakwaruza, lakini usiogope. Nimewahiwa, na ni kwa sababu yako.

Unakumbuka kule Geita, ulipokuwa ukiwapikia wachimbaji? Kila mteja alikuwa na ushauri juu ya rovu lako, ule uvimbe wa shingoni. "Mama Kulwa, kula chumvi yenye madini joto." Ukawa unacheka: "Chumvi naila kama ng'ombe. Mama yangu alikuwa nalo, dada yangu alikuwa nalo. Hili linatembea na damu."

Na ulipolazwa, saratani imeshafika mapafuni, pumzi haitoshi, hukujiombea wewe. Ulimshika daktari mkono: "Hicho kinyama mlichokikata shingoni msikitupe. Kichunguzeni. Nina mapacha." Sijaona ujasiri kama ule, Mayu.

Majibu yalitoka tumeshakuzika. Daktari alitukalisha mimi na kaka Kulwa, akatueleza taratibu. Ndani ya seli za mwili kuna protini inayozizuia zisizaliane ovyo. Maelekezo ya kuitengeneza tunayarithi kwa wazazi, na yako yalikuwa na kasoro. Ndiyo maana tezi yako ya shingo ilijaa vinundu, ikavimba, na kinundu kimoja kikageuka saratani. Lakini homoni zake ilikuwa bado inazitoa vizuri, kwa hiyo vipimo vya mwanzo vya damu havikuonyesha kitu.

Kulwa hakutaka kupimwa. Alitaka kurudi kwenye shimo lake la dhahabu. Nikamkumbusha ulivyotuagiza: "Mpimwe siku moja, msiachane." Tukapimwa. Yeye hana kasoro hiyo. Mimi ninayo. Kaka yangu, anayeshuka chini ya ardhi bila woga, alilia pale kwenye benchi mpaka nikambembeleza mimi mgonjwa.

Vinundu vyangu vilikuwa vidogo, kimoja ndiyo kwanza kinaanza kubadilika. Wametoa tezi yote. Kila asubuhi nameza kidonge kinachofanya kazi yake, na nitakimeza maisha yangu yote. Matiti nayo yatachunguzwa kila mwaka, maana kasoro hii haiishii shingoni.

Binti yangu Nyamizi bado hajapimwa. Nakuahidi nitampeleka mwenyewe, hata nikiogopa.

Wabeja, Mayu. Asante kwa yote. Pumzika sasa. Nyamizi akiniuliza tulijuaje, nitamwambia kwamba bibi yake aliwaambia madaktari wachunguze.

Mwanao,
Doto