Mama Alivyompa Jirani Pole

Jumapili, Desemba 2016

Sijui nicheke au nilie. Timu yetu ya mpira wa Kimarekani imepigwa tena, msimu umekwisha, na Mama, ambaye hana hata mwezi tangu atoke Kisii aje hapa Roseville, akamwona jirani yetu Mmarekani dirishani akilia. Akadhani amefiwa. Kabla sijamzuia, alishavuka theluji na thamosi ya chai, akampa pole na kumwombea kwa Kiswahili mpaka amina.

Nilikimbia huko kwa aibu, nimweleze jirani. Akanikatiza: "Niko na timu hii tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kunipa pole."

Nyumbani nikamwambia Mama ni mpira tu.

"Mtu mzima analia, halafu unaniambia si msiba? Leta unga. Kesho nampelekea mandazi."

Nitamsindikiza. Mtaa mzima ujue huyu ni mama yangu.