Mdomo wa Pili

S.L.P. 63,
Katangi,
Machakos.
8 Agosti 1999

Mpendwa Shangazi Kanini,

Nakusalimu kwa mikono miwili na kwa moyo unaofurika. Hujambo? Lile goti la kushoto linavumiliaje baridi ya Kitale? Mahindi yenu yamefikia wapi? Huku kwetu Mama ni mzima, ng'ombe ni wazima, na mimi, Shangazi, ni zaidi ya mzima. Nimeolewa!

Najua habari ulipata, lakini hukuniona. Nilivaa gauni jeupe la kuazima kutoka Tala, likapunguzwa kiunoni. Nzuki aliponiona mlangoni pa kanisa alisahau jibu la kumpa padri. Padri akamwambia, "Mwalimu, hili si swali la historia. Jibu tu!" Kanisa zima likacheka, naye akajibu kwa sauti kubwa hadi watoto wakashtuka.

Laiti ungemjua! Anafundisha shule ya msingi, na siku zisizo za shule anapanda baiskeli kwenda kwa wazee wa Yatta nzima kuwauliza nani alihamia wapi, nani alizikwa wapi, mlima huu ulipewa jina na nani. Anabeba kinasa sauti alichokifunga kwa mpira wa baiskeli. Jioni tunasikiliza kanda pamoja. Sauti za watu waliokwisha kufa zinakohoa mezani petu, na yeye ananishika mkono na kunitazama kana kwamba mimi ndiye habari aliyokuwa akiitafuta miaka yote. Mwanzoni nilipenda sana jioni hizo. Siku hizi namwomba azime mapema.

Ana sheria yake moja ya kazi. Haandiki jambo mpaka alisikie kwa midomo miwili ambayo haijakutana. Mmoja akisema hivi, anatafuta mwingine wa mbali, na hamwambii wa kwanza alisema nini. Katika kijitabu chake cha historia ya Katangi aliivunja sheria hiyo mahali pamoja tu. Ni kuhusu kile kisima cha chini ya mlima.

Mzee Muthoka alimwambia kwamba kilichimbwa na babu yake. Mdomo wa pili ungekuwa wa Mama, maana alikulia pale karibu. Lakini wakati huo Nzuki alikuwa ameshaleta mbuzi kwetu, na mila yetu unaijua: mtu na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Nzuki, anayeweza kumhoji hata chifu, aliona haya. Akaandika kwa mdomo mmoja.

Sasa mzee Muthoka ameshafariki, na maofisa wa ardhi wamekuja kupima mashamba. Mwanawe, Bartholomew, anakipunga kile kijitabu kwenye baraza. Anasema kisima ni chao na shamba lote linalokizunguka ni lao. Watu wa kwa Ndeti, wanaolima pale, hawana mahali pengine pa kwenda. Wameomba kithitu.

Samahani kwa kuliandika neno hilo kwenye barua. Wewe unakijua kiapo hicho kuliko mimi. Watu wanasema anayekiapa kwa uongo hafi peke yake, kwamba kifo kinamzungukia yeye na wote wanaokula chungu kimoja naye. Bartholomew akasema mbele ya watu, "Mimi nitaapaje? Sikuwepo. Aape aliyeandika!" Wakakubali. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.

Tangu siku hiyo jirani yangu Kavata haombi chumvi kwangu. Nilimpelekea muthokoi ukiwa bado wa moto, akaupokea mlangoni, na kesho yake nikauona umemwagiwa kuku. Nilipomuuliza alinishika bega kwa upole. "Si ubaya, mwaitu. Wewe pika tu. Sisi tutakula kwetu mpaka jambo liishe." Watoto wake wakifika kwenye lango letu anawaita kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia.

Nzuki aliniomba nikamuulize Mama. Tulikwenda pamoja. Yeye akasimama nyuma ya ghala, akiwa ametupa mgongo, nami nikaingia jikoni na swali lake. Mama alisema kwa sauti ya kumfikia, "Mwambie bwana yako kuku wangu wanataga vizuri." Aliposikia hatua zake zikienda kwa ng'ombe, ndipo akanijibu.

Sitakuandikia alichonijibu. Nzuki amenisihi nisiuharibu mdomo wa pili. Nitakuambia tu kwamba alipomaliza alinitaka nisirudi kwa mume wangu siku ile, nilale kwake na nisionje tena chakula cha kule.

"Mama, ni mume wangu," nilisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Nilirudi na Nzuki. Ningefanya nini, Shangazi? Ninampenda hata nikimwona akifunga kamba za viatu nafurahi. Nilipomweleza maneno ya Mama alikaa kitandani na kofia yake kichwani. Akasema ataapa kwamba aliandika alichoambiwa, na huo si uongo. Nikamuuliza, "Na hicho kiapo kinajua tofauti?"

Leo asubuhi nilimwambia jambo ambalo nakuambia wewe wa pili: nina mimba. Alinikumbatia, tukalia kwa furaha, halafu akaniachia, akakitazama kile kijitabu mezani. Kisha akasema Jumamosi hiyo ataenda, lakini hataapa. Atasimama mbele ya pande zote mbili akiri kwamba aliandika kwa mdomo mmoja, na anangoja wa pili.

"Na wakikataa kungoja?" nilimuuliza.

"Wataniuliza huyo wa pili ni nani, na sitawadanganya."

Shangazi, hapa Katangi wanajua Mama ni mkwe wake, hawataukubali mdomo wake. Lakini wewe na Mama mlichota maji pamoja pale mkiwa wasichana, kabla hujaolewa mbali. Huyo wa pili ni wewe. Jina lako litatajwa mbele ya kithitu, na nimeona heri ulisikie kwangu kwanza. Tuandikie upesi: nani alikichimba kisima kile? Sema unachokijua tu. Na tafadhali usimwonyeshe mtu barua hii. Bartholomew ana lori, hununua mahindi Kitale kila msimu, na njia ya kuja kwenu anaijua.

Nisalimie Baba Mumo, Mumo mwenyewe, na Linet. Mama anakusalimu, amesema ufunge mlango vizuri. Mungu akutangulie kila utokapo na akae mlangoni pako kila uingiapo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,

Kavindu