Nililazwa kwa Jina la Annet

Mpendwa Mama Wangoi, naomba unisaidie upesi maana nimefanya jambo na sijui pa kulipeleka. Mimi ni Kasyoka wa Laini Saba, nimeosha na kulisha wazee katika makao fulani ya wazee huko Kawangware kwa miaka saba, na kila tukimuuliza mwenye makao habari ya bima ya NHIF anatuambia sisi ni wa kibarua, basi Januari hii vita vya uchaguzi vilipochacha nilienda kazini kwa miguu kwa sababu wazee hawawezi kujigeuza kitandani, nikapigwa jiwe kichwani, na mwenzangu Annet Nabwire, ambaye ana kadi kupitia kwa mumewe, akanipa yake nikalazwa kwa jina lake. Siku nne niliitwa Nabwire, mama wa kitanda cha pili akinisalimia kwa Kiluhya na mimi Mkamba najifanya nimelala. Muuguzi aliponiuliza kama kuna dawa inayonidhuru nikasema hapana, akaandika kwenye faili. Mama, zamani sindano ya penisilini nusura imuue Annet, na sasa ana mimba ya miezi minane, presha iko juu, na atajifungulia hospitali hiyohiyo. Akifikishwa hajitambui watasoma jibu langu. Ndugu yangu Timothy ananiambia, "Siz, nyamaza tu, ukiongea mtashikwa wote wawili." Annet mwenyewe sijamwambia. Nifanye nini?

*

Kasyoka, pole kwa jeraha, na asante kwa niaba ya wazee hao. Sasa nikugombeze. Kuazima kadi nakuelewa, ulikuwa unavuja damu. Kumficha Annet jambo hili sikuelewi hata kidogo. Huyo Timothy ndiye atakayemlea mtoto?

Mwambie Annet leo. Kisha nendeni wawili hospitalini, muombe kumwona daktari, si karani, mseme yale maelezo ni ya mtu mwingine na penisilini iandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili. Mtagombezwa. Huenda kadi ikachukuliwa na mkadaiwa. Kubalini.

Ukipona, nenda NHIF na kitambulisho chako ujiandikishe mwenyewe. Hata mtu wa kibarua anakubaliwa, na mchango wa mwezi si mkubwa. Halafu wafanyakazi wote mwendeeni huyo mwenye makao kwa pamoja, asitangulie mmoja akafutwa. Mwulizeni ni kibarua gani cha miaka saba. Mtu anayekwenda kumgeuza mzee wa watu risasi zikilia anastahili kutibiwa bila kuazima jina.

Sikungoja barua yako ichapishwe. Nimepiga namba uliyoacha tangu juzi, simu imezimwa. Kama unasoma haya, weka gazeti chini, uende kwa Annet.