Fundi Makame, Lori Lako Lilikuwa Linavuja Wapi

Fundi wangu Makame,

Sikuulizi hali. Aliyekwenda mbele ya haki haulizwi hali, huombewa, na mimi nnakuombea kila sala, hata zile siku nlizokuwa nimekukasirikia. Naam, nlikukasirikia. Wiki tatu nzima nlimnunia mtu aliye kaburini, Mungu anisamehe, na leo nimekaa hapa gereji nikwambie kwa nini.

Tulipokwisha kukuzika, lori lako nlilifunika turubali uani kwenu. Mkeo Bi Mize alisema lisiguswe mpaka arobaini yako ipite, na mimi nikaona ndiyo heshima. Lakini wewe unanijua, mkono wangu hautulii. Nikasema gari la zamani hili, limekuja tangu vita vya Wazungu, likikaa siku zote hizo na maji ndani, rejeta italiwa na kutu. Nikafungua chini, nikayamwaga maji yote mpaka tone la mwisho. Nlijiona nimekufanyia jambo la mapenzi.

Hitima ya arobaini ikasomwa. Asubuhi yake nikalitia maji, nikapiga hendeli, likawaka mara ya pili tu. Nikaenda nalo Fuoni kuchukua chokaa. Sikufika, Fundi. Njiani likachemka, mvuke juu, na nlipofungua rejeta, maji yamekwenda zake. Nikaingia chini ya gari nitazame yamepitia wapi. Pakavu.

Basi hapo ndipo nlipoanza kuumwa kichwa. Mipira ya maji nlibadilisha yote. Pampu nliifungua, nikaifunga. Rejeta nliipeleka kulehemiwa, na mfua bati akaniapia kuwa haina tundu. Nlitandika mifuko ya saruji chini ya injini nione itakapolowa, haikulowa. Na kila nikishindwa, namwaga maji yote, naliacha wazi siku mbili tatu, naanza upya. Hasira zangu unazijua. Siku moja nlirusha spana ikavuka ukuta, ikaangukia kwa jirani kwenye sufuria ya uji. Nikaenda kuomba radhi na kuosha sufuria.

Mwisho nikasema injini imepasuka ndani, na gari lililopasuka injini ni maiti. Ndipo nlipokukasirikia. Nlijisemea, kumbe Fundi alijua lori limekufa, akatuachia sisi tulizike.

Nikenda kwa Bi Mize. Yuko eda, kwa hiyo nlikaa barazani, naye nyuma ya pazia. Nikamwambia auze. Nlilitamka mimi neno hilo, Fundi, kwa mdomo wangu huu. Na mnunuzi nlishampata, bwana mmoja wa Mjini anayekusanya vyuma chakavu. Angekuja Ijumaa baada ya sala, alikate vipande. Lori lile ndilo linalomlisha Bi Mize na mwanenu Asha. Akaniuliza pole pole, hakuna njia nyengine? Nikasema hakuna. Nlikuwa najua kila kitu, mimi.

Nshasimama kuondoka, akasema kitu kidogo, kama anajisemea mwenyewe.

"Makame hakuliacha kavu hata siku moja. Akiumwa hawezi kuinuka, ananituma mimi na birika."

Nikakumbuka. Hata likilala mwezi mzima halina safari, wewe asubuhi utaonekana unalinywesha. Nami nlikuwa nakucheka, nakuuliza Fundi umefuga ng'ombe? Ulikuwa unaangalia pembeni tu.

Nlitembea kutoka pale mpaka gereji nalirudia neno lile. Mimi mtoto wa Bwejuu. Baba yangu mvuvi, na tangu sijatahiriwa najua ngalawa ikikaa nchi kavu jua likaipiga, mbao hunywea na siku ya kuishusha huvuja. Ukiiacha majini, mbao hufura, hujiziba zenyewe. Kila mtu wa pwani anajua hayo. Lakini nani atafikiri kuwa ndani ya injini ya chuma mna mbao?

Nikapitisha mkono nyuma ya bomba la moshi, pale ubavuni juu, mahali ambapo jicho halifiki. Nikapapasa. Kile kifuniko cha bati kinachoziba tundu la maji hakipo. Pana kijiti. Mkoko mtupu, Fundi! Umechongwa ukapigwa ndani ukalingana na chuma. Maji yalikuwa yakipenya hapo gari likipata moto, yanadondokea bomba la moshi, yanageuka mvuke kabla hayajafika chini. Na mimi kila nikiyamwaga, nlikuwa nakikausha tena. Ningeliacha maji ndani siku nne, ningekaa kitako nikanywa kahawa yangu, lingejiziba.

Nlicheka mpaka nikakaa chini. Maana ni nani aliyenipiga kofi mwaka wangu wa kwanza kwa kuziba tundu la tangi kwa sabuni? Nani aliyeniimbia kila siku ya Mungu, "Kuziba si kutengeneza, Khamis"? Kisha kicheko kikanigeukia, nikalia. Siku ya mazishi sikulia. Nlilia pale, mikono imejaa oili.

Nikarudi kwa Bi Mize jioni ile ile kumweleza. Hata sijamaliza, akacheka nyuma ya pazia, mara ya kwanza tangu uondoke. Akanihadithia. Kwamba mlikuwa mnatoka Makunduchi, lori limejaa boriti za mikoko, naye ameshikwa na uchungu kiti cha mbele. Kwamba mlipofika Kitogani bati lile likafumuka, maji yakamwagika yote. Kwamba ulikata kipande cha boriti ya mwenye mzigo, ukakichonga kwa kisu, ukakipigilia kwa jiwe, ukaomba maji nyumba za karibu. Mkafika hospitali, na Asha akazaliwa jua halijatua. Ulimwambia kijiti utakitoa kesho. Kesho ile imekuwa miaka saba.

Masikini Fundi wangu. Uliona haya, ndiyo maana ukawa mkali. Ungeniambia tu. Ningekutania wiki moja, basi, yakaisha.

Kijiti nimekitoa, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Nimechongesha kizibo cha shaba, nimekipiga, nimekitazama siku saba. Hakitoi hata jasho. Yule bwana wa vyuma alipokuja Ijumaa, Bi Mize alimtoa Asha mlangoni kumwambia lori haliuzwi. Akaondoka amenuna.

Eda imekwisha Jumatatu. Safari yake ya kwanza Bi Mize alitaka kwenda kwa mama yake Makunduchi, akapanda mbele, Asha katikati yetu. Tulipofika Kitogani nlisimamisha gari, nikenda kufungua rejeta. Maji yamejaa mpaka shingoni. Nikajiunguza vidole. Bi Mize akasema ungekuwapo ungenisuta, fundi mzima anafungua rejeta ya moto. Kisha akafunika uso kwa buibui, na mimi nikakaa nje kidogo mpaka alipotulia.

Nisamehe kwa lile neno nlilomwambia mkeo. Nnakuahidi, kitu sitakisema kimekufa tena kwa sababu mimi nimechoka kukitafuta. Na siku nitakayoziba, maana barabara ni barabara, nitasema wazi kuwa nimeziba, mtu ajue. Mungu akupanulie kaburi lako, Fundi. Uliziba, na Asha yupo.

Mwanafunzi wako,
Khamis