Mjomba, Wanasema Maduhu Anauzwa

Mjomba,

Jana asubuhi kijiweni kwenye kahawa wamemuuza Maduhu mara tatu kabla birika halijaisha. Wa kwanza alisema anakwenda Dar, mambo yameshakamilika, bado kutia saini tu. Wa pili akabisha, akasema kuna watu wa klabu ya Mtwara wapo Ruangwa tangu juzi, wamepanga nyumba ya wageni wakimsubiri. Wa tatu alikuwa yule fundi cherehani unayemjua, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Huyo alisema ana uhakika kwamba Maduhu anakwenda nje ya nchi. Halafu wote wakanigeukia mimi. "Rashidi, wewe ndiye kaka yake. Anakwenda wapi?"

Nikasema sijui, na kweli sijui. Nikanywa kahawa yangu nikaondoka, na njia nzima mpaka Nambambo nililibeba swali lile. Ndiyo maana nakuandikia. Sina mwingine wa kumwambia kwamba bado namwonea wivu yule mtu, baada ya yote yaliyotokea, na kwamba wivu wenyewe ulianzia kwako.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Mama, dada yako, siku ya Ijumaa bado anakupakulia sahani yako, halafu anakumbuka, anairudisha sufuriani. Mikorosho yako mdogo wangu Zuhura na mumewe wameipalilia vizuri, korosho zimeanza kudondoka. Timu ipo. Nimebaki nahodha, na mazoezi nafundisha mimi, kwa sababu kila tuliyemwomba alisema hawezi kukaa kwenye kiti cha Mwalimu, yaani chako. Mimi nimekikalia. Kinanipwaya.

Sasa niseme lililonileta.

Wewe ndiye uliyenilea, Mjomba. Baba alipokwenda zake ulikuja na baiskeli, ukanipakia mbele na nguo zangu nyuma, ukamwambia mama, "Mtoto wa dada ni wangu, huyu nakwenda naye." Ukanipa chumba cha uani. Ukanifundisha kupiga mpira kwa miguu yote miwili, na nilipokua ukanipa jezi namba kumi ya Nambambo. Miaka tisa niliivaa. Ulikuwa unasimama pembeni ya mstari na kanzu umeikunja, ukipaza sauti yako moja tu, "Inua kichwa, Rashidi. Inua kichwa." Nilidhani maneno yale ni ya kwangu peke yangu.

Halafu ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wako.

Unakumbuka hasira zilizokuwapo kijijini mwaka ule. Wafugaji walikuwa wameingia wengi kutoka Kanda ya Ziwa, na kila wiki kulikuwa na kesi kwa mtendaji. Watu walitaka na wewe upeleke shauri. Lakini aliyekuja kuomba radhi alikuwa kijana mrefu, mwembamba, peke yake, bila baba yake, na wakati anazungumza na wewe ndama mmoja akachomoka kurudi shambani. Nilikuwepo. Nilimwona akimkimbilia, akimzunguka, akimkata njia mara tatu bila kumgusa. Nikakutazama wewe. Uso uliokuwa nao siku ile sijawahi kuuona ukinitazama mimi. Ukamwuliza, "Mpira unacheza?" Shauri likaishia hapo.

Mwezi wa pili tu ukampa namba kumi. Ukaniita pembeni ukaniambia, "Wewe rudi nyuma, cheza namba sita, mlinde mwenzako." Nikajibu, "Sawa, Mjomba." Nadhani hukujua jinsi neno hilo lilivyokuwa zito mdomoni.

Alikuwa fundi, sikatai. Alikuwa anaona njia ambayo hata mshambuliaji mwenyewe hajaiona, mpira unamkuta mtu mguuni kama umetumwa. Mimi nilikuwa nakaba, naanguka, nanyang'anya, nampa yeye, na uwanja mzima unashangilia jina lake. Nawe pembeni, "Inua kichwa, Maduhu." Ng'ombe wao walipokosa majani, wazazi wake wakahamia upande wa Matambarale, naye akabaki. Ukampa chumba cha uani. Najua nilikuwa nimeshaoa, nina nyumba yangu. Lakini siku nilipopita nikaona viatu vyake mlangoni, niligeuka nikarudi nyumbani na zile ndizi nilizokuwa nimekuletea. Tulizila sisi.

Ukaugua masika, na ukaondoka kabla ufuta haujakatwa. Hukutusumbua sana. Wiki ile ya mwisho ulikuwa unatuita wote wawili, na mimi nilikuwa nasikiliza umemwita nani kwanza. Aibu iliyoje. Mtu anakufa, nami nahesabu majina.

Baada ya mazishi tetesi zikaanza. Dirisha la usajili lilikuwa limefunguliwa, na watu wa Nachingwea wakawa hawana jambo jingine. Kwa kinyozi, kwa bodaboda, kwenye foleni ya kusaga mahindi, ni Maduhu tu. Klabu ya Ruangwa inamtaka. Hapana, haimtaki, ina kiungo mwingine. Inamtaka, kocha wao alikuja akajificha nyuma ya goli na kofia. Kila mtu alikuwa na binamu anayefua jezi za klabu ile. Mimi niliyecheza miaka kumi na minne kwenye vumbi hili, hakuna hata siku moja mtu alinidhania kwenda popote. Hata uongo hawakunizulia.

Kumbe safari hii tetesi zilikuwa na ukweli. Siku moja mchana nilikuwa peke yangu uwanjani, nachora mistari kwa majivu, akaja mtu na pikipiki. Akajitambulisha, yeye ni kocha msaidizi wa klabu ya Ruangwa. Akanisalimia kwa heshima, akasema wamemwona Maduhu mara mbili, wamempenda, lakini kabla ya kumwita wanataka neno la nahodha wake, mtu anayekaa naye.

Mjomba, ningeweza kusema neno moja tu, "Mchukueni." Nilisema hivi: "Kijana ni fundi, hilo siwezi kulificha. Ila hawa ni watu wa kuhama, ng'ombe wakikosa majani na yeye anafuata. Halafu lile goti lake la kushoto, kila baada ya mechi mbili linavimba, inabidi tulikande."

Goti hilo ni la kwangu. Unalijua. Wewe ndiye uliyekuwa unalikanda.

Yule bwana akaandika kitu kwenye kidaftari, akanishukuru sana, akaondoka. Nikaendelea kuchora mistari. Na nikwambie ukweli, kwa sababu huwezi tena kunikemea: nilisikia raha. Raha ilikaa siku kama nne hivi.

Baadaye uongo wangu ukarudi kijijini umenenepa. Kwa kinyozi nikasikia kwamba Ruangwa wamemkataa Maduhu kwa sababu ana goti bovu. Kwa bodaboda likawa limeshapasuliwa zamani, huko kwao. Kwenye mashine ya kusaga likawa ni kurogwa. Maduhu akanijia nyumbani, akasimama mlangoni hakutaka kuingia. "Kaka, nani kasema mimi nina goti?" Nikamwambia, "Maneno ya watu hayo, usiyajali." Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, Mjomba. Hilo ndilo lililonichoma.

Kesho yake, jua kali, nikamkuta anakimbia. Hakuwa uwanjani. Alikuwa anakimbia barabarani, anapita mbele ya kinyozi, mbele ya bodaboda, mbele ya mashine, na kila akifika penye watu anaruka kwa mguu wa kushoto peke yake, hatua kumi, kumi na tano, halafu anaendelea. Alikuwa anawaonyesha. Watu wakaanza kucheka, wengine wakampigia makofi kama kichaa. Siku ya pili akafanya tena. Siku ya tatu mama akaniuliza, "Mwenzio amepatwa na nini?" Sikuweza kumdanganya dada yako. Nikawasha pikipiki nikaenda Ruangwa.

Yule kocha nilimkuta uwanjani kwao, vijana wanafanya mazoezi. Nilipofika sikujua nianzie wapi, nikakunja suruali nikamwonyesha goti langu. Nikasema, "Goti nililokwambia ni hili. La Maduhu ni zima. Na hahami. Wazazi wake walihama, yeye alibaki." Akalitazama goti, akanitazama mimi. Akauliza, "Kwa nini umekuja kuniambia?" Nikasema, "Kwa sababu anarukaruka barabarani." Hakuelewa, na sikuweza kumweleza. Mwisho akasema, "Mlete Jumamosi. Nitamwona kwa macho yangu. Wewe maneno yako yametosha."

Yalinistahili.

Jumamosi nikampakia. Tulipokaribia Ruangwa nikasimamisha pikipiki chini ya mikorosho ya watu, nikazima injini. Sikutaka aingie uwanjani bila kujua ameletwa na nani. Nikamweleza yote, goti, kuhama, kidaftari, raha ya siku nne. Alikuwa ameshika viatu vyake vya mpira mkononi. Nilingoja anipige, na ningemwacha anipige. Akasema, "Twende kaka, tutachelewa."

Alicheza nusu saa tu. Kocha mkuu alipoinuka kwenye benchi akaja mwenyewe kumshika mkono, ndipo walipomtoa. Mimi nilikuwa nje ya uzio, nimeshika waya, na nakuapia sikujua kama ninachosikia ni furaha au ni ule ule ugonjwa wangu. Nadhani vilikuwa viwili pamoja.

Tulipokuwa tunarudi, tukasimama njiani kunywa maji. Ndipo aliponiambia jambo ambalo limenikalia mpaka leo. Alisema, "Kaka, wewe uliniambia lako, na mimi nikwambie langu. Siku ile tulipomzika Mwalimu, wewe ulishuka kaburini. Ulimpokea kwa mikono yako, ukamlaza. Mimi nilisimama kule barabarani na watu wa kuangalia. Mimi si Mwislamu, sikujua kama naruhusiwa kusogea, na hakuna aliyeniita. Nilikuchukia sana siku ile. Mwaka mzima alikuwa ananiita mwanangu, na siku ya kumlaza nikawa mpita njia."

Muda wote nilijiona mimi ndiye niliyenyang'anywa, kumbe siku ile kuna mtu alikuwa ananitazama jinsi ninavyomtazama yeye. Na ni kweli nilimwona barabarani, Mjomba. Nilimwona, nikainamisha macho. Ningeweza kumpungia mkono aje. Sikutaka. Nilitaka siku ile uwe wangu.

Sasa ameshacheza mechi kadhaa huko. Wiki iliyopita tulikuwa tunasikiliza redioni, mtangazaji akasema pasi ile ni ya Maduhu, zao la marehemu Mwalimu wa Nambambo. Kijiwe kizima kikapiga makofi. Majina yenu mawili yalipita hewani pamoja, Lindi nzima imesikia. Nami nilikaa pale nimeshika kikombe. Ndiyo, niliumia. Usidhani nimekuwa malaika. Wakisema anakwenda Dar nakosa usingizi, wakisema haendi naona nafuu, halafu naona aibu kwa ile nafuu. Jana hiyo hiyo, baada ya kijiweni, nilimpigia simu nimwulize ukweli. Akacheka, akasema na yeye anasikia kwetu tu, huko kwao hakuna aliyemwambia kitu. Kisha akaacha kucheka. Akaniomba, kwa mara ya nne sasa, nimpeleke kwenye kaburi lako.

Mara ya kwanza nilimwambia kuna kazi ya kupalilia. Mara ya pili nikasema pikipiki ni mbovu. Mara ya tatu sikupokea simu. Unaelewa kwa nini. Namba kumi anayo, chumba alikipata, redio inamtaja. Lile kaburi ndilo peke yake nililokuwa nalo.

Jana nilimwambia aje Ijumaa.

Kwa hiyo atakuja, Mjomba, atakuja na mimi. Sikuahidi kwamba wivu utaisha, maana nikiahidi hivyo utajua nadanganya, uliniambia tangu utotoni kwamba nikidanganya sikio langu linacheza. Ninachokuahidi ni hiki: akija mtu mwingine na kidaftari, awe wa Dar, wa Mtwara au wa huko nje ya nchi kwa fundi cherehani, atasikia kwangu ukweli mtupu. Na Ijumaa nitamwonyesha Maduhu ulipolala, nitakusalimu, nitakuombea dua yangu fupi, halafu nitarudi barabarani nikae juu ya pikipiki. Nitamwachia nafasi. Akae na wewe kadiri anavyotaka, akwambie anayotaka kukwambia, na mimi sitageuka kutazama.

Nikigeuka, nisamehe.

Mungu akulaze pema, Mjomba. Mama anakusalimu.

Mpwa wako,
Rashidi