Sukari ya Matanga

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimefungua duka mapema. Chumvi, viberiti, mafuta ya taa. Sukari nusu gunia. Mume wangu, Baba Kerubo, alirudi jana kutoka Kisii mjini mikono mitupu. Mwenye bohari amepandisha bei ya sukari. Leo asubuhi na sisi tumepandisha. Nilimkumbusha kwamba gunia hili tulilinunua kwa bei ya zamani.
"Na lijalo nitalinunua kwa nini? Kwa maombi?"
Nikarudi kupanga viberiti.

Jumanne, 5 Machi
Mume wa Kemunto amefariki. Alianguka shambani akichuma chai. Kemunto, tuliyebatizwa naye siku moja mtoni. Nimelia.
Mchana shemeji yake alikuja kununua sukari ya chai ya waombolezaji. Nikamtajia bei. Alinitazama kama aliyenifumania. Alilipa. Hakuaga.

Jumatano, 6 Machi
Sokoni hapa Ekerenyo wanasema tunauza msiba. Eti tulisikia kifo ndipo tukapandisha. Uongo! Bei ilitangulia kifo. Nani ataamini? Wateja wawili tu kutwa nzima. Wengine wanapita mlangoni na kwenda hadi soko la Nyaramba, na huko bei ni hii hii yetu. Kwao afadhali miguu iwaume kuliko kununua kwetu. Naogopa kwenda matangani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda. Wanawake walinyamaza nilipoingia jikoni. Nikashika kisu nimenye ndizi. Mmoja akasema ndizi zimetosha. Hazikuwa zimetosha.

Ijumaa, 8 Machi
Tumemzika. Kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Kemunto aliniita nyuma ya nyumba. Nikaanza kueleza habari za bohari. Akanikatiza.
"Bei ya Kisii nimeisikia. Najua hamkungoja kifo chetu. Lakini ile sukari mliyotuuzia, mliinunua lini?"
Nilitaka kudanganya. Nikasema kweli.
"Mwezi uliopita."
"Haya, dada," akasema. Akaingia ndani.
Ni heri angenitukana.

Jumapili, 10 Machi
Sikumuuliza Baba Kerubo. Nimeandika kwa chaki mlangoni: sukari hii ni ya zamani, bei ni ya zamani, ikiisha, bei mpya. Shemeji ya Kemunto nimemrudishia kilichozidi. Alihesabu, akatia mfukoni.
Baba Kerubo alipoona maandishi alipiga kaunta kwa ngumi. "Utatufilisi, mwanamke!" Huenda kweli. Karo ya Kerubo je? Lakini hakuyafuta.

Jumatano, 13 Machi
Ya zamani imeisha. Gunia jipya limefika, bei ya juu. Watu wamenunua. Wamenung'unika sana, wamemlaani mwenye bohari. Si sisi. Baba Kerubo amekula bila kunisemesha.
Jioni nilipita kwa Kemunto. Alinisogezea kigoda. Tumechambua mboga za chinsaga, yeye upande wake, mimi wangu, mpaka sufuria ikajaa. Hakuna aliyetaja sukari. Mvua ilipoanza akaniambia nikae kwanza.
Nikakaa.