Mkuu na Ile Hadubini

We ndugu yangu, uko wapi? Natoka ukumbini sasa hivi.

Si leo wamemuaga Mkuu wa shule, eti miaka thelathini na nane ya kulea watoto wa watu? Nimepeleka kiti walichoniagiza nimtengenezee. Akanishika bega mbele ya wazazi wote: "Fundi huyu ni matunda ya kazi yangu!"

Matunda ya kazi yake! Mtu aliyenifukuza kidato cha pili, kwamba nimevunja hadubini ya maabara!

Nikampokonya kipaza sauti. "Mwalimu, binti yangu amekaa pale. Mwambie kwa nini sikumaliza shule."

Unajua kajibu nini? Anacheka! "Aa, ile hadubini! Wiki ileile mwalimu wa maabara alikiri aliiangusha yeye. Yameisha hayo, baba. Si umekuwa fundi mzuri?"

Watu wakapiga makofi. Makofi!

Wiki ileile, ndugu yangu. Na kwetu kulikuwa nyuma tu ya uzio wa shule. Mama akiniita nikale, Mkuu alikuwa anamsikia kutoka ofisini kwake. Yeye kuniita nirudi darasani, kakaa kimya.